Mkono wa Kubeba

Siku ya tatu ya msiba, pale Chanika ya Handeni, mama mmoja aliyekaa karibu nami mkekani aliniuliza kwa sauti ya chini mimi ni nani wa marehemu. Hakuuliza kwa ubaya. Wanawake wote mle chumbani walikuwa wanajuana; huyu shangazi, huyu wifi, huyu jirani wa ukuta kwa ukuta. Mimi peke yangu nilikuwa bibi mgeni mwenye mkoba mapajani, niliyetoka Mombo na basi la asubuhi, nikaingia, nikatoa pole, nikapewa nafasi karibu na dirisha kwa ajili ya umri wangu. Nilimjibu kwamba nilimfahamu Mwajuma alipokuwa mtoto, nilifanya kazi shuleni kwao Korogwe. "Aa, mwalimu wake," akasema, akaridhika. Sikumsahihisha. Kazi niliyoifanya Korogwe haikuwa na jina ambalo watu walilielewa, na niliifanya mwaka mmoja tu. Baadaye nilifanya kazi nyingine zenye majina, nikastaafu, nikazeeka. Aliyenipigia simu ya msiba ni mtoto wa kiume wa Mwajuma. Alisema amekuta namba yangu kwenye daftari la mama yake, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa neno moja: Korogwe. Namba hiyo Mwajuma sikumpa mimi. Lazima aliitafuta kwa watu, akaiandika, akaitunza. Hakuwahi kuipiga, na mimi sikuwahi kumtafuta. Nilikaa pale dirishani nikilifikiria lile neno moja, huku wenzangu wakizungumza Kizigua ambacho nakisikia nusu nusu, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata leo watu huniuliza. Kwa Kiswahili cha vitabuni huitwa tiba ya kazi, na mtu akisikia hivyo hudhani ni kumtafutia mgonjwa ajira. Sivyo. Kazi inayosemwa hapo ni kila jambo ambalo mtu hulifanya kwa mwili wake tangu anapoamka: kunawa uso, kufunga kifungo, kushika kalamu, kuketi bila kuanguka, kwenda chooni na kurudi akiwa msafi. Wewe unayesoma umeshafanya mengi ya hayo leo bila kuyafikiri. Mtoto ambaye mkono wake umekakamaa, au ambaye miguu haimbebi, inabidi ajifunze moja moja, kila jambo limevunjwa vipande vidogo kama mama anavyomvunjia mtoto muhogo, na anahitaji mtu wa kukaa naye chini bila haraka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kwenye mafunzo ya miezi tisa, nikaitwa msaidizi, ingawa mtaalamu niliyepaswa kumsaidia alikaa Tanga na alikuja mara moja kila muhula, akapitia daftari langu, akanywa chai, akaondoka. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamehamishiwa vijiji vya ujamaa si zamani, na ile shule ya bweni ya Korogwe ilikuwa imetenga upande mmoja wa majengo kwa watoto kumi na wanane ambao wakati ule tuliwaita vilema bila kuona haya.

Walinipa stoo ya majembe iwe chumba changu cha kazi. Majembe hayakuondolewa, yaliegemezwa ukutani, na watoto walijifunza kusimama kwa kushikilia mipini yake. Vifaa nilijitengenezea. Mkonge ukishatoa ua lake na ua likakauka, hubaki mti mrefu mwepesi ajabu, laini kiasi kwamba unauchonga kwa kisu cha jikoni, na Korogwe ilikuwa imezungukwa na mkonge pande zote. Nilichonga mipini minene ya vijiko, nikaizungushia kamba ili isiteleze. Nilikata mpira wa ndani wa tairi kuwa mikanda ya kufungia watoto kwenye viti wasidondoke. Nilishona kipande cha turubai, nikaweka vifungo kumi vya ukubwa tofauti, mtoto aanze na kikubwa kama sarafu ya shilingi na amalizie na kile cha shati la sare. Kwa ajili ya turubai hilo walimu waliniita Dada Vifungo. Stoo na ofisi yao vilitenganishwa na mbao tu, na mbao zilikuwa na nafasi, kwa hiyo nilisikia mengi ambayo hayakukusudiwa masikio yangu. "Dada Vifungo yuko wapi?" mmoja anauliza. "Yuko stoo, anafundisha vidole." Kicheko. Kisha wa tatu, aliyekuwa mpole wao, anasema, "Afadhali yeye. Vidole havisahau kama vichwa vya darasa la nne." Walicheka tena, nami upande wa pili nikatabasamu, nikitamani angekuja mmoja tu aniambie utani huo usoni ili nipate nafasi ya kujibu.

Sikuchukiwa, naomba hilo lieleweke. Nilikuwa tu sina mahali. Walimu walinihesabu mtu wa hospitali, muuguzi wa bweni alinihesabu mwalimu, wapishi walinihesabu mgeni wa ofisini. Walimu wasio na familia walipika kwa zamu na kula mchana pamoja barazani, wote kwenye sinia moja. Kila siku nilipita mbele yao na sahani yangu kutoka jikoni, na kila siku walisema "Karibu, dada," karibu ile ambayo mtu huambiwa akiwa ameshapita hatua mbili. Nami nikajibu, "Asanteni, endeleeni." Nilikula chumbani, nimekaa kitandani, sahani magotini, nikisikia honi ya kiwanda cha mkonge ikiwarudisha watu kazini. Chakula kilikuwa ugali wa unga wa njano, maana mvua zilikuwa zimekataa na mahindi yalikuja kwa meli kutoka ng'ambo, na maharage yenye wadudu ambao tulijifunza kutowaangalia. Mvunja ukimya alikuwa mpishi mkuu, Mzee Ngoda, mtu wa Magoma, mwembamba, mwenye desturi ya kuzungumza huku akiangalia sufuria. Akinipakulia alikuwa anasema, "Binti, umekonda. Wa kwenu wakija watasema Ngoda anakula fungu lako." Siku nyingine hayo yalikuwa ndiyo maneno pekee niliyoambiwa na mtu mzima tangu asubuhi mpaka jua kuzama.

Mwajuma aliletwa mwanzoni mwa mwaka na bibi yake, Bibi Salima, kutoka kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Chanika. Alikuwa na miaka tisa. Degedege la utotoni lilikuwa limemwachia mkono wa kulia uliokunjika, kifundo kimeinama, ngumi imefungwa juu ya dole gumba, na mguu wa kulia aliuburuta kidogo. Akili ilikuwa kali kama wembe. Bibi yake alikaa stoo kwangu muda mfupi sana, akayatazama majembe, akanitazama mimi, akauliza kama mtoto atafundishwa kusoma. Nikasema atasoma, na pia atajifunza kula mwenyewe bila kulishwa. Alikuwa analishwa bado, na bibi yake. Mtoto wa miaka tisa anafumbua mdomo kama kinda. Bibi alitikisa kichwa, akafunga khanga vizuri, akasema, "Akiweza kukaa na wenzake akala kama watu, mimi nitakufa nimeshukuru." Nikayaandika maneno hayo kwenye daftari langu, chini ya neno Lengo. Niliyaandika vizuri na sikuyasoma vizuri, kama utakavyoona.

Kwenye mafunzo tulikuwa tumeambiwa tusipoteze mwaka wa mtoto kuukimbilia mkono uliokufa. Tufundishe mkono uliobaki. Niliupima mkono wa kulia wa Mwajuma siku mbili, nikaandika kwamba hauna kazi. Tukaanza na wa kushoto. Kijiko chenye mpini wa mkonge, uji mzito kwanza, kisha maharage, kisha wali tulipoupata. Wiki ya sita alikuwa anamaliza bakuli lake bila tone mezani. Kila mtoto alikuwa na bakuli lake la bati, basi hakukuwa na taabu. Kisha siku moja aliweka kijiko pembeni. Wenzake walikuwa wanakata tonge kwa mkono, yeye hakutaka kuwa mtoto wa kijiko. Aliunyosha mkono wa kushoto, akakata tonge, akalifinyanga, akachovya, akala. Alipomeza alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena na mtu yeyote. Nilipiga makofi, na watoto wengine wakapiga makofi, na nilisahau kwa dakika hiyo kwamba mimi mwenyewe nimelelewa katika nyumba ambayo mtoto akigusa chakula kwa mkono wa kushoto anapigwa kofi la vidole. Sikusahau kabisa, kusema kweli. Niliona kwamba hapa kuna sababu, na kwamba sababu ikiwepo watu wote wataielewa. Mzee Ngoda alikuwa mlangoni na mwiko. Alisubiri kelele zitulie, akaniambia, "Binti, kwao Handeni atakula hivyo na nani?" Nikamjibu, "Mzee, hapa ni shule." Alirudi kwenye sufuria zake. Jibu hilo limenisumbua miaka mingi kuliko makosa yangu mengine ambayo yalikuwa makubwa kwa kipimo cha dunia.

Shule ilifungwa kipindi kile karibu na Idi, watoto wakaenda makwao. Ilipofunguliwa, kumi na saba walirudi. Nilisubiri wiki moja, kila basi la Handeni lililovuka mto nikitoka stoo kuangalia. Wiki ya pili utingo wa basi hilo alishuka makusudi kuja kunitafuta. Alisema ametumwa na balozi wa nyumba kumi wa kijijini kwao: yule mtoto hatarudi, tangu mlo wa Idi bibi yake anasema mmemharibu. Mwalimu mkuu aliposikia alisema nafasi haiwezi kukaa wazi. Kuna mtoto wa Mazinde anaisubiri, na Jumatatu ijayo jina la Mwajuma litafutwa. Aliuliza kama najua kimetokea nini. Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimejua tangu utingo aliposema Idi.

Nilikwenda Ijumaa. Sikumuaga mtu, na hakukuwa na mtu wa kumuaga, isipokuwa Mzee Ngoda ambaye alinifungia viazi vitamu viwili kwenye jani bila kuuliza naenda wapi. Nilishuka Chanika, nikaelekezwa njia, nikatembea. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Nyumba zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi mstarini, udongo wa kuta haujakauka vizuri, hakuna mti uliokomaa wa kukupa kivuli, kwa sababu miti yao yote walikuwa wameiacha kule walikotoka. Balozi alinipeleka mpaka uani. Niliamkia, "Shikamoo, bibi," na Bibi Salima akaitikia "Marahaba" kama mtu anayelipa ushuru, akanionyesha kigoda. Aliendelea kupepeta. Nilimwuliza Mwajuma yuko wapi, akanyosha mdomo upande wa jikoni. Nilichungulia. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, uso ukutani, mbele yake kopo la bati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa utambaa wa kaniki. Hakugeuka. Alijua sauti yangu, na hakugeuka.

Bibi alinieleza yaliyotokea bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Siku ya Idi wanawake wa nyumba tatu walikuwa wamekula pamoja, sinia moja la wali, na Mwajuma alikuwa ameomba mwenyewe asilishwe. Alikuwa amesema ana jambo la kuwaonyesha. Walimpa nafasi, wakanawa, wakasema bismillahi, naye akaingiza mkono wa kushoto katikati ya sinia. Hakuna aliyemgombeza. Wanawake walitoa mikono yao mmoja mmoja, wakaiweka magotini, wakanyamaza, na mtoto akaendelea kula peke yake kwa fahari, akidhani wamenyamaza kwa kumstaajabia, mpaka binamu yake mdogo aliposema kwa sauti kwamba ule ni mkono wa chooni. Sinia likaondolewa, wali ukamwagiwa kuku. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula naye. Hata yeye hakutaka tena. Bibi akawa anamfunga mkono ule kila wakati wa chakula, ili ajifunze upya au asile.

Nilianza kueleza. Ndiyo tabia yangu, na ujana huiongeza. Nilimweleza habari za ubongo, na homa, na mshipa, na jinsi mkono mmoja ukifa mwingine hurithi kazi zake. Nilieleza kwamba mkono ukioshwa kwa sabuni ni msafi, uwe wa kulia au wa kushoto. Bibi Salima alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka ungo chini. "Serikali imetuhamisha nyumba," akasema, "imetuhamisha mashamba, tumeacha makaburi ya wazee wetu porini. Haya, tumehama. Sasa mnahamisha na mikono?" Balozi, aliyekuwa amesimama kando, alikohoa na kutazama paa. Bibi aliendelea kwa sauti ya chini zaidi, na hii ndiyo iliyonichoma. "Nilipomleta kwako nilikuambia nataka nini. Nilisema akae na wenzake. Wewe umemfundisha kushiba."

Kuku walipita katikati yetu. Mwishowe niliomba ruhusa nikakae na mtoto, na bibi akasema jikoni si kwake peke yake, nikae. Niliingia nikaketi sakafuni kando ya Mwajuma, sikumgusa, sikumsemesha. Nikafungua jani la Mzee Ngoda, nikaweka viazi kati yetu. Baada ya muda, bila kunitazama, alianza kuhangaika na kopo lake. Mlikuwa na bada, ule ugali wa muhogo, umeshapoa. Aliusogeza mkono wa kulia, ule niliouandikia kwamba hauna kazi, akaugandamiza ukingoni mwa kopo, na nikaona vidole vinafunguka. Viwili na dole gumba. Vilifunguka polepole kama mtu anayeamka asiyetaka kuamka, vikabana kipande cha bada, vikakishika. Akaanza kukiinua, na hapo kifundo kikaanguka chini kama shingo ya mtu anayesinzia, na bada likadondoka. Akalichukua tena. Likadondoka tena. Hakulia. Ilionekana ni mambo ya kila siku, na nilielewa kwa nini amekonda vile.

Leo ningeweza kukueleza vizuri. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba wataalamu wenyewe huufunga mkono ulio mzima wa mtoto kwa makusudi, kwa saa chache na kwa uangalizi, ili ule dhaifu ulazimike kuamka. Siku ile sikujua hilo. Nilichokuwa nimekiona mbele yangu ni mtoto aliyefungwa kwa hasira na aibu, na mkono ambao hata hivyo ulikuwa umefanya kile ambacho mimi na daftari langu tulikuwa tumesema hautakifanya. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Sikufikiri. Nilipeleka kiganja changu chini ya kifundo chake, nikakibeba tu, kama unavyomshikia mtu mtungi, na mkono ukapanda na bada lake mpaka mdomoni. Akatafuna. Tukafanya tena. Mara ya tatu au ya nne nilihisi kivuli. Bibi Salima alikuwa amesimama mlangoni.

Kisha akainama, magoti yakalia, akaufungua ule utambaa wa kaniki kiunoni mwa mtoto. Akauchukua mkono wa kushoto, akausogeza, akauweka mahali kiganja changu kilipokuwa, chini ya kile kifundo. Mimi nikatoa wangu. "Mkono wa kushoto hauli," akamwambia mjukuu wake. "Lakini kubeba, unabeba. Haya. Mbebe mwenzako." Mwajuma akajaribu. Kushoto kukainua, kulia kukashika, na tonge likafika, limepindapinda, nusu yake mashavuni, lakini likafika. Mkono wa kushoto haukugusa chakula. Bibi akasema jambo kwa Kizigua ambalo sikulielewa, akatoka, na nilimsikia uani akiita majirani kwa majina yao.

Jioni ile, jua halijazama, walitandika mkeka uani. Bada la moto, mlenda, dagaa kidogo walioletwa na jirani. Wanawake walikuwa watano. Walinawa na kuketi, na nafasi iliyobaki ikawa ya Mwajuma, na yeye akasimama mbali akishika nguzo ya nyumba. Nilikuwa nimeokota mkoba wangu nikitafuta njia ya kuaga, maana nilishazoea kuondoka watu wanapoanza kula. Bibi Salima alinisogezea maji. "Nawa," akasema. Nikasema asante bibi, endeleeni. Akanitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya kigeni. "Nimesema nawa. Unataka aje kukaa peke yake kati ya wazee?" Nikanawa, nikakaa, na Mwajuma akaja akakaa kati yangu na bibi yake. Alipoinua tonge la kwanza kwa mikono miwili hakuna aliyeondoa mkono wake. Mama mmoja alimsogezea dagaa kwa kidole. Yule binamu mdogo, aliyekuwa anasubiri zamu ya watoto, alisema, "Anakula kama anapakia gari," na wote wakacheka, Mwajuma mwenyewe akacheka mpaka tonge likamponyoka. Huo ulikuwa mlo wangu wa kwanza wa sinia moja tangu mwaka uanze. Nilikula polepole sana.

Jumatatu tulirudi wote wawili na jina lake halikufutwa. Nilikwenda jikoni kumwambia Mzee Ngoda kwamba alikuwa amesema kweli na mimi nilimjibu vibaya. Alikuwa anachochea moto. "Nilisema nikiwa nimeshika mwiko," akajibu. "Mwenye mwiko hasikilizwi, huombwa ukoko." Kisha akanipa ukoko. Nilimchongea Mwajuma kibao chembamba cha mti wa mkonge cha kukaa chini ya kifundo, nikakifunga kwa mpira, na mpaka mwisho wa mwaka mkono wa kulia ulikuwa unafungua vifungo vitatu vya kwanza kwenye turubai langu. Mtaalamu wa Tanga aliona, akaandika kwamba ni maendeleo mazuri, akaniuliza nimepata wapi njia hiyo. Nilimwambia nimefundishwa na bibi mmoja wa Handeni. Alicheka, akidhani natania. Walimu waliendelea kusema karibu nilipopita, nami niliendelea kupita. Ningependa kuandika kwamba baada ya siku ile upweke uliisha, lakini haukuisha. Nilikuwa tu nimejua unaonekanaje kwa mtoto wa miaka tisa aliyegeukia ukuta, na nikaona aibu kidogo kuulalamikia wangu. Kilichobadilika ni kwamba tangu hapo, kila mtoto mpya alipoletwa, kabla ya kumpima mkono au mguu niliuliza: kwenu mnakula vipi, na anakaa kati ya nani na nani? Mwisho wa mwaka nilihamishiwa kwingine. Mwajuma alinisindikiza mpaka geti, akanipa mkono wa kulia, akiwa ameubeba kwa wa kushoto, kwa heshima. Niliandika barua moja. Akajibu. Halafu zamu ilikuwa yangu, na sikuandika.

Haya yote nilikuwa nayo dirishani pale Chanika walipoleta chakula. Wanawake walijipanga kwenye masinia, na yule mama aliyeniuliza mimi ni nani akanivuta kwenye sinia lao. Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka saba hivi, mjukuu aliyelelewa na Mwajuma tangu kuachishwa ziwa. Jina lake Salima. Alikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nimemwona asubuhi akiruka kamba na kupanda ukutani kuangua ndimu. Alinawa, akakaa, akasema bismillahi. Kisha akapeleka mkono wake wa kushoto chini ya kifundo cha mkono wa kulia, akaubeba, akakata wali, na akaupandisha mkono mzima mpaka mdomoni, taratibu, kama mtu anayeinua kitu kinachoweza kumwagika.

Yule mama alinigusa goti. "Umeona huyo? Hana tatizo lolote, kapelekwa mpaka hospitali. Anamwiga bibi yake tu, Mungu amrehemu. Tumemkataza, tumechoka. Wewe ni mwalimu, mama, hebu mwambie."

Mtoto alisikia, akasimamisha mkono hewani, akanitazama. Wote walikuwa wananisubiri. Nilikuwa na maelezo yote tayari, tangu stoo ya majembe mpaka kaniki, na ninyi mmeshaona ninavyopenda kueleza.

"Mwacheni ale," nikasema, nikanawa, nikasogea karibu naye.